Kliniki ya sukari na presha, hospitali ya wilaya Pemba: wahudumu wazuri, dirisha la dawa bado

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Nikimaliza kueleza mtaona kwa nini sikutoa tano, na kwa nini mwenye kutoa mbili nitambishia.

Huduma ninayoizungumzia ni kliniki ya sukari na presha katika mojawapo ya hospitali mpya za wilaya hapa Pemba. Jina la hospitali sitalitaja. Wahudumu wa kliniki ile ni wachache, mtu wa huku akisoma atawajua mmoja mmoja, na mengi nitakayolalamikia hayako mikononi mwao. Mgonjwa ni mama yangu. Umri wake umepindukia sabini, presha anayo tangu mimi ni mwanafunzi wa skuli, sukari ilikuja baadaye, na sasa anajidunga insulini asubuhi na jioni. Anakaa shamba, kwenye mikarafuu yake, na ukimtajia habari ya kuhamia mjini anakugeuzia mgongo. Mimi ni fundi cherehani Chake Chake, kwa hiyo siku ya kliniki nafunga duka, namfuata kwake alfajiri na tunakwenda pamoja.

Jengo ni zuri na nitalipita haraka. Hospitali 10 za wilaya zilijengwa Unguja na Pemba kwa fedha za mkopo wa Uviko, pamoja na ile ya mkoa ya Lumumba kule Unguja, na hii ni mojawapo. Waliouguza mtu huku miaka ya nyuma wanakumbuka kusubiri kwenye baraza nyembamba, wazee wametandika kanga chini, mvua ikija kila mtu anajibanza ukutani. Sasa kuna ukumbi wenye viti, feni, vyoo vyenye maji, na njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu. Jina la mgonjwa linaingizwa kwenye kompyuta, na maabara imo humo humo ndani. Kumwona daktari hatukulipa, kupima hatukulipa. Huo ndio msimamo tangu Mzee Karume alipotangaza matibabu bure mwezi wa Machi 1965, na wazee wa umri wa mama wanauchukulia kama ahadi waliyopewa wao wenyewe, kwa majina yao. Nami nauchukulia hivyo hivyo, ndiyo maana nikifika kwenye dawa nitasema bila kumumunya.

Kwanza nimsifu anayestahili. Kuna dada mmoja pale, sisi wenye wagonjwa tunamwita nesi wa miguu. Kwenye kliniki nyingi nilizopita na mama, kupimwa sukari kulikuwa ni tone la damu na namba: kidole kinatobolewa, mashine inasoma, daktari anaandika, mwingine aingie. Huyu alimsalimia, "Shikamoo mama," akamkalisha, akamwomba avue viatu vyote viwili, kisha akachuchumaa mbele yake. Akaanza na baina ya vidole, kimoja kimoja, akitazama ngozi iliyolowa na iliyopasuka. Halafu akatoa kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki mwishoni, mfano wa mshipi wa kuvulia, akamwambia mama afumbe macho na aseme "hapa" kila anapoguswa. Akagusa kisigino. "Hapa." Akagusa ukingo wa unyayo. "Hapa." Akagusa chini ya kidole gumba cha kushoto. Mama kimya. Akarudia, na safari hii niliuona uzi ukipinda kwa kukandamizwa kwenye nyama ya mama yangu, naye ametulia, macho amefumba, anasubiri kuguswa.

Dada yule alimweleza taratibu. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaua mishipa ya fahamu ya miguu, na mguu usiohisi haumwambii mwenyewe kwamba umeumia. Akamuuliza shamba anakwenda na nini. Mama akasema peku, tangu azaliwe. "Basi mama, ukichomwa na mwiba hutausikia. Utakuja kuusikia ushaoza." Ni maneno makali, lakini aliyasema akiwa bado ameushika ule mguu kwa mikono miwili, na mama, ambaye kwa kawaida hasikii la mtu, alitoka pale akaniambia nimtafutie raba za kufunga. Siku hizi anaokota karafuu akiwa na viatu. Watu wengi wenye sukari wanaoishia kukatwa mguu walianza na kidonda kidogo ambacho hawakukihisi. Kipimo cha kuwaonya mapema hakitaki umeme wala kemikali. Kinataka uzi ule na mtu mwenye subira. Kama mna mgonjwa wa sukari na hajawahi kuguswa nyayo kliniki, ombeni, ni haki yake.

Jambo la pili ninalolisifu ni Ramadhani. Huku kwetu ukimwambia mzee "wewe usifunge" bila kumpa maelezo, atakuitikia pale na nyumbani atafunga vile vile. Kabla ya mwezi kuingia, daktari wa kliniki, kijana wa hapa hapa Pemba, aliwakusanya wagonjwa ukumbini na hakuanza kwa kukataza. Aliwatenganisha kwanza: wanaotumia vidonge vya sukari vya metfomini peke yake na sukari yao imetulia, wa insulini, na wale ambao figo zao zimeshaguswa. Akawaambia wa insulini kwamba hatari yao ni kubwa zaidi, na anayeshikilia kufunga lazima apangiwe dozi upya, asijidunge kama siku za kula. Akasema kujitoboa kidole kupima hakuharibu funga, na kwamba sukari ikishuka chini ya 4 kwenye mashine (mmol/L) mtu anafungua saa hiyo hiyo. Mzee mmoja akauliza, "Na ikiwa imebaki robo saa kuadhini?" Akajibiwa, "Hata dakika tano, babu."

Kisha akaingia kwenye futari yenyewe. Akaitaja kama inavyokaa kwenye sinia: muhogo wa nazi, ndizi mbichi, viazi vikuu, tambi za sukari, kaimati, na juisi pembeni. Akasema chagueni cha wanga kimoja, samaki na mboga zizidi, tambi na kaimati waachieni watoto. Kina mama walimbishia sana kuhusu muhogo. Mmoja alitaka kujua kama ukichemshwa bila nazi ni halali kwake, na majibizano yakaenda mpaka foleni ikasahaulika. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya afya ambako watu wanaitikia "sawa" na kuondoka. Pale watu walibishana kwa sababu walikuwa wanasikiliza.

Sasa dirisha la dawa.

Mama anatoka kwa daktari na karatasi yenye mambo kadhaa: insulini, sindano zake, metfomini, amlodipini ya presha, na vijiti vya kupimia sukari nyumbani. Ni nadra vyote kupatikana siku moja. Mwezi huu insulini ipo, sindano hakuna. Mwezi unaofuata sindano zipo, amlodipini imekwisha. Vijiti karibu kila mara ni vya kununua. Mtoa dawa anaandika "haipo" pembeni, anasema pole dada, jaribu duka la nje. Naye anasema kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo tangu asubuhi, na sina hasira naye. Hasira yangu ni kwamba kazi yote nzuri niliyoieleza huko juu, ya nesi na ya daktari, inafika kwenye tundu lile la dirisha na kukatika.

Mimi nikiambiwa "haipo" naenda kununua, nashona zaidi wiki hiyo, basi. Lakini kwenye foleni nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anameza kidonge cha presha siku moja na kuruka siku moja, ili kifike mwisho wa mwezi. Hakumwambia daktari. Aliniambia mimi, kwa kuwa mimi si daktari. Presha isiyotibiwa haiumi, na hapo ndipo inapowapata watu: anayeruka dozi anaamka mzima, anapika, anakwenda shamba, anaona mbona hakuna tofauti, mpaka siku upande mmoja wa mwili unapolala. Kiharusi kikishaingia nyumbani, familia nzima inageuka wauguzi, binti anaacha kazi, na serikali inamlaza mgonjwa kwa gharama kubwa kuliko vidonge vya mwaka mzima.

Sababu zipo na ni za kueleweka. Dawa za serikali zinatoka bohari kuu Unguja na kuvushwa baharini. Kliniki ikisifika watu wanatoka wilaya nyingine kuifuata, mgao uliopangwa kwa watu wa hapa unakwisha kabla ya wakati. Na wagonjwa wenyewe ni wengi kuliko tulivyozoea kufikiri. Utafiti uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya watatu ana presha ya juu. Uweke uwiano wa namna hiyo juu ya watu wazima wa kisiwa ambacho sensa ya 2022 ilikihesabia watu zaidi ya 543,000, uone ni vidonge vingapi vinatakiwa kila alfajiri. Mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya, ukaanza na watumishi wa umma. Ni hatua, na nimeipokea kwa furaha. Mafundi, wavuvi na wachumaji karafuu nao wanaugua presha ile ile, na ndio wengi kwenye foleni ya dirisha lile. Kipimo changu cha mfuko kitakuwa yule mama wa kidonge cha siku moja moja: akikuta dawa yake pale, umefanya kazi.

Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya kumbukumbu. Kompyuta ya hospitali inamjua mama vizuri. Kituo cha afya cha karibu na kwake, ambacho anakifikia kwa miguu, hakioni kilichomo kwenye kompyuta hiyo. Alipopata kizunguzungu usiku mmoja na kukimbizwa pale, kilichomsaidia ni daftari lake la skuli lenye jalada lililochakaa, ambalo ndani yake nimeandika dozi zote kwa mkono. Bila daftari wangeanza upya kumuuliza mtu asiyeweza kujibu.

Nirudi kidogo kwenye insulini, kwa sababu najua wanaosoma hapa wengi wana wazazi shamba. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme Pemba tunaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya Wesha na giza lake. Hata hivyo nyumba ya mama haina friji. Chupa zisizofunguliwa zinakaa kwenye friji ya duka la jirani, kwenye kikopo chenye jina lake, mbali na sehemu inayogandisha, maana insulini ikiganda hata mara moja imeharibika, ni ya kutupa. Ile iliyofunguliwa inakaa nyumbani. Nesi alipouliza wapi, mama akajibu kwa wasiwasi kidogo: kwenye mtungi wa maji. Nesi akasema vizuri sana, akamfundisha kuboresha: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga wenye unyevu katikati, chupa ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mtungi ukae kivulini penye upepo, na tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa kwa sababu baada ya takriban wiki nne haifai tena. Maji yanayopenya udongo yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Mama alirudi nyumbani amenyanyua kichwa. Mtungi wa mama yake mzazi umekuwa kifaa cha hospitali.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema lile hasa lililonifanya niandike. Afya ya visiwa hivi haishindwi kumfikia mtu. Inaijua njia ya kwenda kwa mama kuliko daladala zinavyoijua. Tangu 2001 zilipoanza dawa za matende, mgawaji alikuwa anapita mlango kwa mlango na kusimama mpaka akuone unameza. Malaria ilikuwa ndiyo kawaida ya utoto wetu, kila nyumba ina anayetetemeka chini ya blanketi. Vikaja vyandarua, dawa mseto na upigaji dawa majumbani, ikashuka mpaka chini ya asilimia 1. Mpaka leo mtu akigundulika na malaria kituoni, ofisa wa wilaya anamfuata nyumbani kwake na kuwapima walioko naye. Anakuja na simu, anauliza nani kasafiri, nani kalala bila chandarua. Kuna wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, wanapita shehia kwa shehia kuwaona wajawazito na watoto wadogo, maswali yote wameyabeba kwenye simu. Pale Wawi kuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, ipo tangu mwaka 2000, imechangia sana tunachokijua kuhusu minyoo na kichocho cha Pemba. Wengi wa hao wameshakanyaga uwanja wa mama. Wamekunywa maji ya mtungi ule ule. Ila kwa mama hajaja hata mmoja na kipimo cha presha.

Sukari na presha bado zinaendeshwa kama homa: ukiumwa njoo, upimwe, upewe dawa, uende. Lakini hizi hazina siku ya kupona. Mgonjwa aliyetulia, ambaye namba zake ni nzuri na dozi yake haibadiliki, anapanda gari mbili na kupoteza siku nzima ili apewe vidonge vile vile vya mwezi uliopita, na foleni yake inamchelewesha mgonjwa mgeni ambaye kweli anamhitaji daktari. Kituo cha afya cha pale kijijini kina nesi, kina kipima presha, kina mzani. Dawa za mgonjwa aliyetulia zingeteremshwa pale, apimwe pale kila mwezi, na hospitali ya wilaya aiendee kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya daktari, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo na yule nesi wa miguu. Wanaotumia dawa za VVU nchini wakitulia wanapewa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Utaratibu tunao, haupo tu kwa mama.

Niliwahi kumuuliza daktari wetu kuhusu hili. Alisema yeye angeanza kesho, angepunguza foleni nusu, lakini dawa za kuteremsha vituoni lazima kwanza zienee kwenye dirisha lake. Jibu la mtu mkweli. Kwa hiyo naliweka ombi langu hapa kwa wanaopanga bajeti na mgao: anzeni na amlodipini na metfomini. Ni vidonge vya zamani, vya bei ndogo, havihitaji baridi, vinakaa kabatini bila taabu. Hivyo viwili visikosekane kabisa Pemba, mwaka mzima, kisha tuzungumze vijiti.

Kwa wanaotaka kwenda, haya ndiyo ya kufaa. Fikeni mapema, kabla ya saa moja na nusu, kwa sababu kliniki ni siku moja kwa wiki na namba zinagawiwa kwa waliofika. Mwambieni mgonjwa asinywe chai nyumbani ikiwa anatakiwa kupimwa kabla ya kula, lakini bebeni kitu cha kutia mdomoni mara akishapimwa, hasa wa insulini. Wauza maandazi wako nje ya geti. Chukueni maboksi yote ya dawa anazotumia, hata zile za duka, na za miti shamba zitajeni, daktari yule hagombi. Andikeni kila kitu kwenye daftari. Akishamaliza daktari, msiketi kwanza: mmoja aende moja kwa moja kusimama foleni ya dirisha wakati mwingine anamvisha mgonjwa viatu, maana siku dawa zimeletwa kidogo, walio mbele ndio wanaopata. Na mkiambiwa "haipo", muulizeni mtoa dawa mzigo mwingine unatarajiwa lini na muiandike tarehe hiyo. Huwa anaijua, na akiulizwa vizuri anakuambia upige simu kwanza kabla ya kupanda gari.